Simu Nne za Alhamisi Mchana

Kivuko cha zege kilichukuliwa na maji siku ya Alhamisi. Kwa hiyo Jumanne asubuhi Sajini Kakenya Sironka aliliacha gari la kituo upande wa Kitengela, akavua viatu, akakunja suruali na kuvuka mto kwa miguu, mkono mmoja ukishika kamba ambayo wafugaji walikuwa wameifunga kutoka mgunga mmoja hadi mwingine. Maji yalimfika chini kidogo ya magoti. Ni mto uleule uliokuwa umebeba nyumba mbili, trekta moja na ekari zisizohesabika za vitunguu siku tano kabla.

Ng'ambo ya pili wanawake wanne walikuwa wakimwaga maziwa. Lori la kiwanda cha maziwa halikuwa limevuka tangu Alhamisi, na maziwa ya jana yalikuwa yameganda mikebeni. Walimsalimia Kakenya kwa Kimaasai, wakamuuliza kama amekuja kumkamata Parsaoti au kumtetea. Akajibu kwamba amekuja kuuliza maswali.

Swali hilo angelisikia siku nzima. Yeye ni Mmaasai na Parsaoti ni Mmaasai, na marehemu alikuwa Mkamba aliyeajiriwa kwenye shamba la Mkikuyu. Inspekta Gideon, mkubwa wake, alikuwa amempa mpaka Jumatano saa sita. Watu wa mashamba ya chini walikuwa wamemwambia chifu waziwazi kwamba serikali isipomchukua Parsaoti, watamfuata wenyewe.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Kaloki, mwanamume wa miaka thelathini na nne, alikuwa akiendesha pampu ya maji kwenye shamba la pilipili hoho la Judy Wanjira. Alhamisi saa tisa na dakika hamsini mchana, bila tone la mvua kuanguka pale shambani, mto ulikuja ukuta mzima kutoka juu. Kaloki alikuwa ukingoni akisafisha chujio la pampu. Mwili wake ulipatikana Jumamosi, kilomita tatu chini, umenaswa vichakani.

Mtu alikufa maji wakati wa mafuriko. Kwa kawaida faili kama hiyo haifunguliwi hata. Lakini watu wa bonde hilo walikuwa na mpango wao. Parsaoti anaishi juu, upande wa Olooloitikosh, mahali ambapo mto unaonekana ukipanda dakika arobaini kabla haujafika mashambani. Mvua ikishika Ngong na Kiserian, yeye hutazama maji, na yakipanda huwapigia simu wenye mashamba watano. Kila mwenye shamba huwatoa watu wake. Mpango huo ulikuwa umefanya kazi misimu miwili bila kosa. Alhamisi wanne walipigiwa wakahamisha mbuzi, magodoro na watoto. Judy Wanjira, wa tano, alisema hakupigiwa.

Na kila mtu alijua kwamba Januari Parsaoti na Judy waligombana mbele ya chifu, Judy alipoweka ua na kuziba njia ya ng'ombe kwenda mtoni.

*

Parsaoti alikuwa ameketi nje ya nyumba yake ya mabati, peke yake. Mke na watoto alikuwa amewapeleka Kiserian kwa shemeji yake tangu Jumapili, baada ya watu kurusha mawe juu ya paa. Alikuwa mwanamume mrefu wa miaka hamsini hivi, mpole wa sauti.

"Takwenya," alimsalimia.

"Iko," Kakenya akajibu, akaketi kwenye jiwe.

Alimwomba simu. Ilikuwa simu ndogo ya vitufe, ile watu huita mulika mwizi. Kakenya alifungua orodha ya simu zilizopigwa, akaandika kwenye daftari lake moja baada ya nyingine. Alhamisi, saa tisa na dakika kumi: Judy. Saa tisa na kumi na moja: Virginia. Kisha wengine watatu. Kisha Judy tena, na tena, na mara ya nne saa tisa na dakika ishirini na tano.

"Ulipompigia yeye, simu ilisema nini?"

"Inalia mara moja, halafu yule mama wa simu anasema nambari inatumika. Mara zote nne."

"Hukushangaa?"

"Nilikuwa nimeanza kushangaa Jumatatu. Kila nikipiga inatumika. Nikasema pengine mama amepata wateja wengi."

Alieleza kwamba alituma pia ujumbe, ingawa kuandika humchukua muda. Kakenya alitafuta ujumbe huo asiuone, kwa sababu simu ile haikuwa ikihifadhi ulichotuma. Parsaoti akaongeza kwamba mwishowe alitoka mbio kwa miguu. Alifika kwenye ua wa Virginia akakuta maji yamemtangulia.

Kakenya alimuuliza kuhusu ugomvi wa Januari. Parsaoti hakukana. Alikasirika wakati ule, alisema, na alisema maneno mabaya. Lakini Februari Judy mwenyewe alifungua lango kwenye ua, ng'ombe wakapita, na mambo yakaisha. Tangu siku hiyo walianza kuongea vizuri.

"Vizuri namna gani?"

Parsaoti alimtazama kana kwamba hajaelewa swali. "Vizuri," akasema. "Kama majirani."

Kakenya aliiweka simu ile kwenye bahasha kama kielelezo, akamwandikia karatasi ya kuipokea. Kabla hajateremka alimpigia Inspekta Gideon kumweleza alichopata. Gideon alisikiliza, kisha akasema kwamba mtu anaweza kubonyeza na kukata kabla haijalia, mara nne, ili baadaye aonyeshe orodha. Kakenya alikubali. Orodha ile ilionyesha kwamba kidole kilibonyeza. Haikuonyesha kama kuna sikio lililofikiwa.

*

Virginia alikuwa na shamba dogo lililopakana na la Judy, na karibu na kivuko alikuwa na mkahawa wa mabati ambapo madereva wa malori ya mawe walikuwa wakinywa chai. Sasa malori hayakuwa yakipita. Kwenye jiko kulikuwa na sufuria moja tu, na mezani hapakuwa na mtu. Alimkaribisha Kakenya na kumwekea chai bila kuulizwa.

Alithibitisha kwamba alipigiwa saa tisa na dakika kumi na moja. Alitoa mbuzi, akabeba unga na magodoro, akapanda nao mlimani. Alikuwa na karibu dakika arobaini, na zilimtosha.

"Ua wenu unashikana," Kakenya alisema. "Ungeweza kumwita Judy kwa mdomo."

Virginia alikoroga chai ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa.

"Yeye ndiye hupigiwa kwanza, afande. Siku zote. Mimi nikipigiwa, najua yeye ameshapigiwa kitambo. Sasa niende kumwambia nini?"

"Ulimwona Kaloki?"

"Nilimwona ameinama kwa pampu. Nikasema, ameambiwa anatoa pampu. Judy ako na pampu mbili. Sisi wengine tunachota na ndoo."

Akaendelea bila kusukumwa. Judy alipokuja, miaka mitano iliyopita, alikodi ekari sita wakati wenzake wana moja moja. Hoho zake zilikuwa zikinunuliwa na hoteli za Nairobi. Mafuriko ya mwaka juzi yalimgusa yeye kidogo kuliko wote. Na Parsaoti, ambaye hakuwa akimpa mtu salamu ndefu, alikuwa akisimama kwenye ua wake mpaka ng'ombe wanachoka kungoja.

"Umewaona wakifanya nini?"

"Wakiongea."

"Kitu kingine?"

"Wakicheka," Virginia alisema, kana kwamba hilo lilikuwa baya zaidi.

Kuna jambo lingine alilosema kwa nia ya kumkandamiza Parsaoti. Maji yalipokuwa yamejaa, alimwona Parsaoti amesimama kwenye ua, tope mpaka kifuani, akitazama upande wa Judy. Virginia alikuwa amewaambia watu kwamba alikuja kutazama kazi yake. Kakenya aliandika saa aliyoitaja. Kutoka kwa Parsaoti hadi pale, kwa mtu anayekimbia njia ya ng'ombe, ni dakika ishirini na tano. Saa zililingana na maelezo yake. Mtu aliyetaka jirani yake azame hapigi mbio hivyo.

Kakenya alipoinuka, Virginia alimuuliza kwa sauti ya chini kama angeandika lile la kutomwita Judy. Kakenya alimwambia kwamba ameshaliandika.

*

Shamba la Judy lilikuwa tope la rangi moja. Mipira ya kumwagilia ilikuwa imening'inia juu ya miti kama nyoka waliokaushwa, na hoho zilizokuwa zimebaki zilikuwa zikioza na kunuka. Wafanyakazi kumi na mmoja wa kuchuma walikuwa wamerudi makwao. Watu wawili tu ndio waliobaki kwenye banda la kupakia, lililo juu ya mteremko: Judy mwenyewe, na Mbeke, mjane wa Kaloki, aliyekuwa ameketi juu ya kreti akikunja nguo za mumewe kuziweka kwenye gunia. Mazishi yangekuwa Makueni, Ijumaa.

Kakenya alikuwa na taarifa mbili mkobani, ya Judy na ya mumewe Wachira, mwenye duka la hadiwea mjini Kitengela. Alikuwa amezisoma mara tatu usiku uliopita. Ya Judy ilikuwa na ukurasa mmoja na karibu yote ilimhusu Kaloki. Ya Wachira ilikuwa na kurasa mbili. Kifo kilichukua mistari mitano. Sehemu iliyobaki ilikuwa juu ya Parsaoti na simu zake: kwamba alipiga alfajiri, kwamba alipiga watu wakila, kwamba wiki ya kwanza ya Aprili alipiga mara kumi na saba. Halafu ikaja sentensi ambayo Kakenya aliipigia mstari: "Kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi hakupiga hata mara moja, ndipo nikajua alikuwa amepanga."

Alianza na Judy polepole. Alhamisi saa tisa alikuwa wapi? Pale pale bandani, akipanga makreti. Simu ilikuwa wapi? Mfuko wa aproni. Alikuwa akiongea na mtu? Hapana. Ana hakika? Judy alitoa simu yake, ya kioo kikubwa, akamwonyesha. Kati ya saa nane na saa kumi hapakuwa na simu iliyoingia wala iliyotoka.

"Kwa hivyo haikuwa ikitumika."

"Haikuwa."

"Wiki nzima hakukupigia. Hukujiuliza?"

Judy aliona haya kidogo. Alisema alijiuliza. Alidhani Parsaoti amekasirika tena kuhusu lango, kwa sababu Jumamosi mfanyakazi mmoja alikuwa amelifunga kwa kusahau. Alipanga kwenda kumwona Ijumaa.

Kakenya alimwomba aiweke simu juu ya meza. Alitoa yake mwenyewe, akapiga nambari ya Judy. Ikalia. Akaikata. Kisha akafungua bahasha, akatoa simu ya Parsaoti na kuipiga nambari ileile, sauti ikiwa juu ili wote wasikie. Ililia mara moja. Sauti ya kike ikasema kwamba nambari hiyo inatumika. Simu ya Judy ilikuwa imelala mezani, kioo cheusi, kimya.

Mbeke aliacha kukunja nguo.

"Fungua mipangilio," Kakenya alisema. "Polepole, nione unapobonyeza. Nambari zilizozuiwa."

Judy hakujua mahali pa kwenda, na ikabidi aelekezwe. Orodha ilikuwa na nambari moja. Kakenya aliilinganisha na daftari, tarakimu kwa tarakimu. Ilikuwa ya Parsaoti.

"Si mimi nilifanya hivi," Judy alisema.

Kakenya alitaka kwanza kuondoa uwezekano wa bahati mbaya. Aliifungulia nambari ile, kisha akajaribu kuizuia upya mbele yao. Zilihitajika hatua nne, na ya mwisho simu ilikuuliza kama una hakika. Mfukoni mwa aproni mkono hauwezi kufanya hivyo. Akauliza nani anaijua nambari ya siri. Judy akasema ni yeye, na mumewe, Baba Njeri. Njeri mwenyewe, binti yao, yuko shule ya bweni Machakos tangu muhula uanze.

"Sasa fungua ujumbe. Kuna mahali simu huweka zile zilizozuiwa."

Ujumbe ulikuwa sita, hakuna uliokuwa umesomwa. Judy alifungua mmoja wa katikati kwa makosa, akausoma kwa sauti kabla hajajua anasoma nini.

"'Mama Njeri maji inakuja kubwa. Toa watu kwa mto.' Saa tisa na dakika kumi na tatu."

Aliiweka simu mezani na kurudi nyuma hatua moja, kana kwamba imemchoma.

Mbeke ndiye aliyeuliza. Alizungumza na Kakenya, si na Judy.

"Kwa hivyo yule mzee alipiga."

"Alipiga."

"Mara ngapi?"

"Mara nne. Na akatuma ujumbe. Halafu akaja mbio."

Mbeke aliitikia kwa kichwa. Alitazama shati lililokuwa mikononi mwake, akalikunja, akaliweka guniani, akachukua lingine. Juzi alikuwa amesimama na watu waliokwenda kumrushia Parsaoti mawe. Kakenya alilijua hilo kutoka kwa chifu, na hakulitaja.

Kilichobaki kilikuwa ni tarehe. Ujumbe wa mwisho wa Parsaoti uliofika mahali pa kawaida ulikuwa wa Jumapili ya kabla ya mafuriko, saa saba na dakika ishirini mchana. Wa kwanza kati ya uliozuiwa ulikuwa wa Jumapili hiyohiyo, saa moja na dakika tano jioni. Mtu aliifanya kazi hiyo kati ya saa saba na saa moja.

"Jumapili mchana ulikuwa wapi, Mama Njeri?"

"Nyumbani, Kitengela. Tulitoka kanisani tukala na shemeji zangu."

"Nani alishika simu yako?"

Chini mtoni watu walikuwa wakijaribu kulitoa lile trekta kwa kamba, na sauti zao zilipanda mpaka pale. Judy alisema kwamba Baba Njeri aliichukua baada ya chakula, akisema anataka kujitumia picha za ruracio, sherehe ya mahari, ya mpwa wake. Alikaa nayo chumbani. Yeye alikuwa akiosha vyombo na wifi zake. Hakufikiria kitu.

"Alikuwa amewahi kukuuliza juu ya Parsaoti?"

"Aliniuliza kwa nini tunaongea sana. Nikamwambia ni mambo ya mto." Judy alifuta uso kwa kiganja chenye tope. "Ilikuwa ni mambo ya mto."

*

Wiki ya mafuriko ilikuwa njema kwa duka la Wachira. Saa nane mchana foleni ilifika nje: watu wa mashamba wakitafuta gambuti, sepetu, wilibaro, karatasi za nailoni za kufunika paa zilizong'oka. Wachira alikuwa akiwahudumia mwenyewe, kalamu sikioni, akiwapa pole kila mmoja kwa jina. Alipomwona Kakenya aliacha kaunta kwa msaidizi wake, akampeleka ofisini nyuma ya marundo ya saruji, akampangusia kiti.

Aliuliza kama mtu yule ameshakamatwa. Kakenya alimwambia bado, kuna kitu kidogo kwenye taarifa yake anachotaka kukinyoosha. Akamsomea sentensi aliyoipigia mstari.

"Ni kweli hiyo," Wachira alisema.

"Ulijuaje?"

"Nilijuaje nini?"

"Kwamba hakupiga. Wewe wiki nzima ulikuwa hapa dukani. Mke wako analala shambani Jumatatu hadi Ijumaa, na simu iko naye."

"Aliniambia."

"Taarifa yako uliandika Ijumaa saa mbili asubuhi. Judy anasema mpaka Ijumaa jioni hamkuwa mmeongea juu ya kitu chochote isipokuwa yaliyotokea Alhamisi. Kutafuta mwili ndiyo ilikuwa kazi."

Wachira alitoa kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha. Alisema kwamba alikisia. Mtu mwenye nia mbaya hunyamaza kwanza.

Kakenya aliweka daftari mezani. Alimweleza taratibu alichokifanya asubuhi hiyo: simu mbili, orodha ya nambari moja, hatua nne, ujumbe sita ukiwemo ule wa saa tisa na kumi na tatu, na Jumapili kati ya saa saba na saa moja jioni. Hakupandisha sauti. Alimwambia pia haki zake, kwamba anaweza kunyamaza, na kwamba atakachosema kitaandikwa. Wachira alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayepokea oda ndefu. Nje mteja alikuwa akiuliza kama gambuti za saizi nane zimekwisha.

"Nilimbloki," alisema.

"Kwa nini?"

"Nilitaka tu asiwe anapiga."

Kakenya aliandika hilo.

"Jumamosi kabla ya mafuriko nilienda shamba bila kumwambia Mama Njeri. Nikamkuta kwa ua na simu. Alikuwa anacheka. Hajaniona. Nikasimama hapo, afande, nikamsikiza akicheka mpaka akakata. Nikamuuliza ni nani, akasema ni Parsaoti, anasema mto uko sawa." Alinyanyua macho. "Mto uko sawa ni kitu ya kuchekesha? Mimi na yeye tukiongea kwa simu ni bei ya mbolea. Miaka minne hajanichekea hivyo."

"Ulijua kazi ya simu hizo."

"Nilijua. Lakini kulikuwa na jua. Nilisema nitaifungua wikendi, nikishaongea na yeye."

"Na uligundua lini kilichotokea?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akilichelewesha, na Wachira alionekana kulijua. Alichezea kingo za kitabu cha risiti. Mwishowe alisema ilikuwa Alhamisi jioni, Judy alipopiga akilia, akisema Kaloki amepotea na Parsaoti hakupiga.

"Ukamwambia?"

Wachira alitikisa kichwa.

"Ijumaa saa mbili ukaja kituoni kwetu kuandika kurasa mbili. Jumamosi ukaenda kwa chifu. Jumapili watu wakaenda kwake na mawe. Mbeke alikuwa kati yao."

"Ningesema nini?" Wachira aliuliza. "Kwamba nimeua mtu kwa sababu mke wangu anacheka?"

Kakenya aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa. Hakuweza kumwambia ni shtaka gani litakalofuata. Kumdanganya polisi lilikuwa wazi, na hilo angemtia nalo ndani leo. Kuhusu Kaloki, wa kuamua ni watu wa mashtaka, na alijua watabishana juu yake kwa miezi. Kilichokuwa mikononi mwake ni kwamba kabla ya jua kutua chifu ataitisha watu wa bonde na kuwasomea orodha ya simu za Parsaoti, dakika kwa dakika. Alikuwa ameshampigia kupanga hilo akiwa njiani kurudi kwenye kamba ya mtoni.

Alimgeuzia taarifa aisome na kuitia sahihi. Wachira alitia sahihi bila kusoma. Kisha akauliza kama Judy anajua.

"Yeye ndiye aliyefungua simu."

Kakenya alifunga kalamu, akaanza kuinuka.

"Ulisema ujumbe ulikuwa sita," Wachira alisema.

"Sita."

"Hizo zingine zilisema nini?"

Kakenya alimtazama. Hakuwa na wajibu wa kumjibu. Lakini alikuwa amezinakili zote kwa mkono, na ziliwahusu watu ambao sasa kila mtu angewasema. Akafungua ukurasa, akasoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka.

"Jumapili jioni: 'Mvua iko Ngong lakini mto bado iko chini.' Jumatatu: 'Leo mto imetulia unaweza mwagilia.' Jumatano: 'Ile ng'ombe nyeusi imezaa ndama mbili. Mto iko sawa.' Alhamisi saa tisa na kumi na tatu, huo nimekwambia. Saa tisa na ishirini na moja: 'Simu yako inatumika. Mama Njeri toa Kaloki kwa pampu.' Saa tisa na ishirini na saba: 'Nakuja na mguu.'"

Wachira alikuwa amefumba macho. Alipoyafungua yalikuwa mekundu.

"Hakuna kingine?"

"Hakuna kingine."

Nje msaidizi aliita kuuliza funguo za stoo, na hakuna aliyemjibu. Wachira alinyoosha mkono juu ya meza, akaomba ajisomee mwenyewe. Kakenya alimgeuzia daftari, akaliwekea kidole asiweze kufunua ukurasa mwingine. Aliufuata mwendo wa macho yake. Yaliruka Jumapili, yakaruka Jumatatu, na hayakushuka kamwe mpaka Alhamisi. Alisoma ule wa ng'ombe, kisha akarudi akausoma tena.